Dobi wa Darini

Courvelle, 3 Oktoba 1991

Mdogo wangu Firmin,

Naomba barua hii ikukute umekaa karibu na jiko, na wifi Rolande awe anatembea vizuri kuliko mimi. Huku tunaendelea, kwa namna wazee wanavyoendelea. Mguu wangu wa kushoto umegoma kabisa, wa kulia unanifanyia hisani. Daktari mpya, kijana mmoja mwenye mikono baridi, ameniambia moyo wangu umepanuka. Nikamwambia hilo asilitangaze mjini, maana hakuna atakayeliamini. Hakucheka. Akaniambia nipange mambo yangu kabla ya kiangazi. Ghislaine wa ghorofa ya chini ndiye ananiletea mkate, na supu ya vitunguu majani aliyoifanya nyepesi hata naliona ua lililochorwa chini ya sahani. Ni mwema lakini, simsemi. Ukiona mistari yangu inapanda mlima, ujue ni mkono tu. Akili bado iko tambarare. Simu usipige, sisikii chochote zaidi ya mlio kama wa nyuki.

Sasa nikupe habari ya mjini. Tangu Agosti wamefunga taa za umeme kule juu kwenye dari la kanisa kuu, upande wa madhabahu. Mimi na wewe tulikua tukidhani kule juu kuna giza tu, basi. Sasa watu wanasema kila tao linaonekana, kama mbavu za mnyama mkubwa aliyelala chali. Mimi sijaenda kuona. Unajua kwamba sijakanyaga mle ndani tangu mwaka ishirini na tisa.

Gazeti limeandika kwamba Bwana Pruvost, mtaalamu wa vitu vya kale wa jumba la makumbusho, amepiga darubini akaona kichwa cha jiwe kimening'inia chini ya jiwe linalofunga matao, juu ya madhabahu. Uso wa mwanamke anayetabasamu. Anasema ni malkia wa karne ya kumi na tatu, na kwamba ni muujiza makombora ya vita vile vilivyomchukua baba hayakumgusa. Baada ya Pasaka watamshusha wamtie kwenye kabati la kioo.

Nina ombi moja. Ile picha ya mama uliyoondoka nayo mwaka thelathini na moja, nitumie. Nyumba ilipoungua mwaka arobaini sikubakiwa na hata moja. Nitairudisha. Usiniulize ya nini.

Wasalimie wote wa nyumbani.

Dada yako,
Odile


Montréal, 11 Novemba 1991

Dada Odile,

Barua yako nimeipata, nikafurahi kuona mwandiko wako hata kama unapanda mlima. Sisi huku theluji imetuwahi mwaka huu. Rolande goti linamsumbua ila anasema ni afadhali goti kuliko mume. Mjukuu wetu Luc amenunuliwa gitaa, na tangu siku hiyo nimeanza kuwaonea wivu viziwi, unisamehe. Leo asubuhi nimekwenda kwenye misa ya waliokufa vitani, nikamtaja baba, nikamtaja na mama.

Huyo daktari msikilize. Na usinifiche kitu.

Kuhusu picha, tumehama nyumba mara tatu, kuna makasha ambayo hayajafunguliwa tangu Rolande alipokuwa na nywele nyeusi. Sijui iko wapi. Lakini dada, nikuulize hata kama umenikataza: unafukua nini? Waliotucheka wote wamekwisha kufa. Mimi mama namwombea kila Jumapili, inatosha. Wewe unakaa mtaa mmoja na mlango wa kanisa na hujaingia maisha yako yote ya utu uzima. Ukaidi huo utakwenda nao kaburini? Nani atakuwa amemkomoa nani?

Na huyo malkia wa gazetini, mimi ananihusu nini?

Vaa soksi mbili.

Firmin


Courvelle, 2 Desemba 1991

Firmin mdogo wangu,

Salamu na pole ya gitaa. Huku mvua tu. Soksi nimevaa mbili, na ya tatu nimefunika buli la chai. Ghislaine amenitengenezea mkate wa vitunguu majani na malai, safari hii amejitahidi, tukaumaliza wote wawili kama wezi.

Umeandika kwamba hujui picha iko wapi. Hukuandika kwamba imepotea. Nimewafundisha wasichana Kilatini miaka arobaini, ninamtambua mtu anayezunguka jibu. Basi nitakuambia ya nini, maana nikingoja uwe tayari kusikia nitakuwa nimeshazikwa. Nakuandikia kama mtu anayeungama, ila usinitafutie padri. Mtu huungama alichofanya. Kujuta ni jambo jingine, na mimi sijuti.

Ulikuwa seminarini mwaka ule, ulisikia vipande vipande. Mama alikuwa anawafulia nguo mafundi waliokuja kujenga upya kanisa lililovunjwa na makombora. Mmoja wao, mchongaji mawe Anselme Tardieu, alipanga chumba chetu cha juu. Alipewa kazi ya kuchonga upya kichwa cha malaika wa mlango mkubwa. Hapakuwa na mchoro wa yule wa zamani. Aliambiwa tu: awe anatabasamu. Anselme akatazama jikoni, akamwona anayetabasamu.

Siku ya Kupalizwa Mama Maria, Agosti, walipovuta turubai, mimi nilikuwa nimesimama na madobi wenzake mama. Ikasikika sauti ya Léontine mnene:

"Jamani, huyo si Zélie?"

"Ndiye! Tazama hata kovu la pasi kwenye nyusi!"

"Zélie! Umepanda cheo hata hukutuaga?"

"Mwulize kama huko mbinguni sabuni inapatikana!"

Uwanja mzima ukacheka. Mama ndiye aliyecheka kuliko wote, amejifunika mdomo kwa aproni. Kanoni Delattre, mkuu wa kanisa wakati ule, hakucheka. Alisema, kwa sauti ya kusikika hadi sokoni, kwamba mlango wa Mungu si kamba ya kuanikia nguo.

Wiki haikuisha, kichwa kikakatwa. Wakaweka kingine, hicho unachokijua, cha malaika mwenye uso wa mtu aliyeng'ata limau. Halafu ikawa zamu ya kiti. Wewe unajua kwetu kiti kilikuwa nini. Kila ukoo na kiti chake, jina limepigiliwa kwa kibati cha shaba, na kiti cha mtu hakitoki kanisani mpaka mwenyewe afe. Cha mama kilitolewa yeye yuko hai, mlangoni kwetu anakamua shuka. Siku ya soko, saa sita mchana, sakristani, mtumishi wa kanisa, anasukuma mkokoteni mtaa mzima, na juu yake kiti kimoja tu. Watu walivua kofia wakidhani kuna msiba, kisha wakasoma jina.

Mama alimwambia sakristani: "Kiweke jikoni, kaka. Nilikuwa sina pa kukalia nikimenya viazi." Alipofunga mlango alikaa juu yake, aproni usoni, na sikujua kama analia au anacheka. Mpaka leo sijui. Hakuingia tena mle ndani, na mimi nikaapa sitaingia mpaka kiti kirudi.

Lakini kabla ya kiapo niliingia mara moja zaidi, na hii ndiyo habari ambayo hajui mtu aliye hai. Anselme alikuwa ameamriwa akivunje kile kichwa akitupe kwenye shimo la chokaa. Hakukivunja. Saa ya chakula, mafundi wakiwa chini wanakula mkate na jibini, nilivuka kanisa zima nikiwa na kikapu cha mama kiunoni. Juu shuka, chini kichwa. Nilikuwa na miaka kumi na saba na mgongo wa punda. Nikakutana na Kanoni uso kwa uso.

"Unapeleka nini huko?"

"Nguo za mafundi, Baba Kanoni."

"Harakisha, basi."

Nikaharakisha. Nikapanda jukwaa la mafundi hadi juu kabisa, ngazi baada ya ngazi, na Anselme akakipokea. Tulikifunga kwa kijiti cha chuma na chokaa chini ya lile jiwe ambamo matao yote yanakutana, na mimi ndiye niliyeshika ndoo. Mwezi haukuisha jukwaa likabomolewa, giza likafunika. Kila Jumapili, mpaka alipokufa, Kanoni aliketi chini ya kidevu cha mwanamke aliyemfukuza. Nilipomwambia mama, aliacha kupiga pasi, shati likaungua. Akasema, "Wamenitoa mlangoni nimepanda darini." Na siku zote alipopita mbele ya kanisa na kikapu chake alikuwa anatazama juu na kutabasamu, watu wakadhani anasali.

Sasa umeelewa malkia ni nani. Na uelewe na hili: kikishushwa hakirudi. Wakiamini ni cha kale, kitaingia kabatini. Wakikiona kwa karibu wakagundua chokaa ni ya juzi, kitatupwa stoo pamoja na vigae. Lazima wajue kabla hawajapanda, na neno la kikongwe halitoshi. Picha yako ina lile kovu.

Ninataka mama abaki pale alipo. Ninataka kuingia na kiti chake, nikae, nimtazame, nitoke. Sina haja nyingine iliyobaki duniani. Nitumie picha.

Odile


Montréal, 20 Januari 1992

Dada,

Heri ya mwaka mpya, nimechelewa. Tuko wazima. Barua yako ilikaa chini ya kitambaa cha meza, tukala Krismasi juu yake.

Unaandika kana kwamba ilikuwa mchezo. Wewe ulikuwa jukwaani na kikapu chako, mimi nilikuwa bwenini. Kila asubuhi nilikuta ubaoni wamechora malaika mwenye ndoo, na mara nyingine wamemchorea na mwanamume. Nilikuwa na miaka kumi na mitano. Nilifuta kwa mkono wa koti kisha naambiwa koti langu chafu, na mtoto wa dobi gani huyu.

Nakuuliza swali moja, nalo ndilo sijawahi kumwuliza mtu. Mama na yule mchongaji walikuwa nini? Usinizungushe na wewe. Maana kama walikuwa vile wavulana walivyochora, basi Kanoni alikuwa mkali, ila hakukosea.

Picha ninayo. Iko kwenye kitabu changu cha sala, haijawahi kuwa mahali pengine. Siitoi.

Firmin


Courvelle, 9 Februari 1992

Firmin,

Wewe hujambo, mimi sijambo, na hali ya hewa tuiache.

Ndiyo.

Walipendana. Mama alikuwa mjane tangu mwaka kumi na sita, amefua damu na matope ya watu wengine miaka yote hiyo, na Anselme alikuwa mwanamume wa kwanza kumwuliza kama amechoka. Nilijua kwa sababu alianza kuimba akipiga pasi. Niliwachungia mlango mara nyingi, na ningeuchunga tena leo, na mkongojo wangu huu. Ungependa nikwambie alitubu. Hakutubu. Alitaka kuolewa.

Sasa sikia lililobaki. Mama alinikataza nisikwambie, nami nimemtii hadi leo. Nikifika huko nitamjibu mwenyewe. Seminari ulisomeshwa na nani? Kanoni Delattre alikuja jikoni kwetu Oktoba ile, akakataa kukaa, kiti kilichokuwepo kilikuwa kile kile. Akamwambia mama: mchongaji aondoke, au mtoto arudi nyumbani. Achague. Alikuchagua wewe, Firmin. Anselme akapanda treni ya kusini kabla ya Watakatifu Wote. Aliandika mara moja, kisha hakuandika. Nawe miaka miwili baadaye ukaiacha seminari mwenyewe, ukapanda meli, mama hukumpungia hata mkono. Hakukulaumu hata siku moja. Alisema, "Mwanangu ana kichwa kigumu, nacho sikukichonga mimi peke yangu." Hukuja kumzika. Tulimwombea kwenye kibanda cha makaburini, maana mlango mkubwa haukufunguliwa kwa ajili yake.

Kwa hiyo usiniambie nani hakukosea.

Juzi alikuja Padri Vasseur, mkuu wa kanisa wa sasa, na keki. Ni kijana, ana miaka hamsini. Nilimwambia yote. Akanisikiliza huku anatikisa kichwa pole pole, kama mtu anayembembeleza mtoto mwenye homa.

"Bibi Odile, ni hadithi nzuri sana. Lakini Bwana Pruvost ni mtaalamu. Na wewe, kwa heshima zote, kumbukumbu katika umri wako..."

"Nikutajie makaizari wa Roma kwa mpangilio, Padri? Nianzie mbele au nyuma?"

Akacheka. Akasema kama kuna ushahidi yuko tayari kuutazama. Kisha akaona kiti cha mama jikoni, kitu pekee nilichokiokoa nyumba ilipoungua, akaona matundu ya misumari pale kibati kilipong'olewa, akaacha kucheka. Akasema tunaweza kuandaa ibada ya upatanisho, na gazeti lije. Nikamwuliza anayepatanishwa ni nani na nani. Akala keki yake.

Jukwaa limeanza kupanda. Nasikia vyuma vyake kutoka kitandani. Jumanne baada ya Pasaka ndiyo siku waliyopanga. Moyo wangu sasa unapiga kama fundi mlevi, mara mbili kwa nguvu na mara moja haupigi. Fanya upendavyo na kitabu chako cha sala.

Odile


Montréal, 14 Machi 1992

Dada Odile,

Salamu kutoka kwa Rolande. Amesoma barua zako zote, nilimpa mwenyewe. Alikwenda kuvaa koti, akarudi na bahasha na stempu.

Picha hii hapa. Utaona imekatwa. Niliikata kwenye meli, kwa mkasi wa kuazima. Nilimtoa yeye, na bahari ilikuwa inayumba, sikukata vizuri.

Hilo la jikoni sikulijua. Usiniandikie tena kuhusu hilo. Au niandikie, sijui.

Usirudishe picha.

Mdogo wako,
Firmin


Courvelle, 16 Aprili 1992, Alhamisi Kuu

Firmin, mdogo wangu,

Salamu kwako, na kwa wifi Rolande salamu mbili, na umwambie nina deni kwake la stempu. Ghislaine hajambo. Mimi nimelazwa kitandani tangu jana, daktari amenikemea, lakini nimekula, na kalamu bado inanisikiliza. Keti vizuri, nina mengi.

Picha ilifika. Niliitazama mpaka supu ikapoa. Mama kwenye kizingiti, mikono ya shati imekunjwa, kovu kwenye nyusi, anamcheka mpiga picha. Na mdogo wangu, umemkata mtu lakini mkono wake umebaki. Uko begani kwa mama, na kidole cha shahada kimepungua pingili moja, kama kilivyopunguzwa na nyundo. Miaka yote hii ulikuwa unamwombea mama kila Jumapili na mkono wa Anselme uko mle mle kitabuni. Nilicheka hadi Ghislaine akapanda kuona kama ninakufa.

Jumanne ya wiki hii ilikuwa siku ya soko. Nilichagua saa sita mchana, makusudi. Ghislaine aliazima kiti cha magurudumu, nikakaa, na kiti cha mama nikakipakata. Tukapita mtaa mzima, kati ya jibini na samaki, njia ile ile ya mkokoteni. Watu wakasimama. Yule muuza viazi akapaza sauti:

"Bibi Odile, unahama?"

"Ninarudi," nikamwambia.

"Na wewe Ghislaine, umekuwa farasi lini?"

"Tangu nimjue huyu!" akajibu Ghislaine, jasho linamtoka.

Pale mlangoni nilimwangalia yule malaika wa limau. Amezeeka vibaya kuliko mimi. Tukaingia.

Firmin, nilikuwa nimejiandaa kwa hasira, nilikuwa nimeifunga vizuri kama mzigo wa safari. Kwa uzuri ule sikuwa nimejiandaa hata kidogo. Nilikuwa nimesahau jinsi nguzo zinavyopanda, na kupanda, na pale unapodhani zimechoka zinafunguka na kushikana mikono. Nilikuwa nimesahau ule ubaridi unaonukia nta na mawe yaliyolowa. Jua lilikuwa upande wa kusini, na vioo vilikuwa vimemwaga buluu yote sakafuni, buluu na wekundu kidogo, na magurudumu yangu yakapita ndani yake, na mikono yangu ikawa ya buluu juu ya kiti cha mama. Nikamwambia Ghislaine asimame. Nikalia kidogo. Niliwanyima watu hawa machozi yangu muda mrefu, lakini jengo lenyewe halikutukosea kitu. Walilijenga watu kama Anselme, na nguo zao zilifuliwa na watu kama mama. Wenye kuapa kutoingia ni sisi, wenye kufukuza ni wao, nalo lilikuwa limekaa tu, linangoja jua lizunguke.

Viti vya siku hizi ni vya kijivu, vimeunganishwa kwa vyuma, havina majina. Padri Vasseur alikuwa anatungoja chini ya jukwaa pamoja na Bwana Pruvost, mtu mrefu, darubini shingoni. Nikawaonyesha nguzo ya tatu upande wa kushoto. Ghislaine akatua kiti pale. Nikahamia juu yake, na niamini, kilinipokea kama kinanijua.

Bwana Pruvost akaanza: "Bibi, ule mstari wa kidevu ni wa karne ya kumi na tatu. Hilo halina ubishi."

"Kidevu hicho ninacho mimi. Nitazame."

Akanitazama kwa adabu. Nikampa picha. Akaitazama, akainua darubini, akaitazama tena picha. Akainua darubini mara ya pili, akakaa nayo sana. Nikamsaidia:

"Hilo kovu kwenye nyusi ya kushoto ni la pasi. Malkia hapigi pasi, bwana. Nyuma ya shingo utakuta kijiti cha chuma na chokaa ya mwaka ishirini na tisa, mimi ndiye niliyeshika ndoo. Jina lake Zélie Carlier, dobi, Mtaa wa Watengeneza Ngozi. Na mkono huo hapo begani ni wa aliyemchonga."

Maskini, akakaa kwenye kimojawapo cha viti vya kijivu. Alikuwa ameshaandika makala.

"Basi," akasema, "haina thamani."

"Haina thamani yoyote, bwana. Ndiyo sababu mwiache hapo hapo."

Padri Vasseur akakohoa, na nadhani kikohozi kile kilikuwa kicheko. Akasema kama ni hivyo gharama ya kumshusha haina maana, mafundi wasafishe vumbi tu, waondoe jukwaa. Kisha akainama karibu na sikio langu, maana asiyeinama hivyo simsikii vizuri, akasema kanisa lingependa kufanya jambo. Sala fupi. Kusameheana.

"Nani asamehewe, Padri?"

"Sisi sote, Bibi."

"Mimi sikuja kusamehewa. Wala sikuja kusamehe, aliyetakiwa kuombwa msamaha yuko juu pale, na yuko makaburini, na ni mtu mmoja. Nimekuja kukaa."

Nikakaa. Waliniacha. Nikalaza kichwa nyuma nikamtazama. Firmin, zile taa zinampiga kutoka pembeni. Yuko pale matao yote yanapokutana, dari lote limemzunguka kama shuka iliyotandazwa, naye ndiye anayetabasamu kana kwamba ameambiwa jambo la kuchekesha na Léontine. Ni mdogo kuliko watoto wako. Mimi sasa ni mzee kuliko mama yangu, nimekaa kwenye kiti chake namtazama binti. Sikusali. Nilimwambia tu kwamba umetuma picha.

Tulipotaka kuondoka Ghislaine akashika kiti. Nikasema kinabaki. Padri akasema viti vyote lazima viunganishwe na vyuma, ni utaratibu wa moto, watu wakikimbia visiwaangushe. Nikamwambia akiunganishe nacho. Chuma hakikuenea, kiti ni cha kizamani. Akatoa mfukoni kamba ya aina ile wanayofungia makuti ya Jumapili ya Matawi, akapiga magoti yeye mwenyewe, mkuu wa kanisa, akakifunga mguu kwa mguu na viti vya kijivu. Kibati cha jina hakipo tena. Ghislaine alikuwa na kisu cha mkate. Nilikwaruza herufi mbili chini ya matundu ya misumari, Z na C, mbele yao wote. Bwana Pruvost alitazama pembeni.

Ikitokea siku wakitaka kukitoa tena, nimewaambia wakisukume kwenye mkokoteni, saa sita, siku ya soko, jina linaonekana. Mimi nikifa, nimeagiza nipitishwe mlango mkubwa, nisimamishwe chini ya uso wa mama dakika chache, kisha nipelekwe kwake makaburini. Daktari anasema ni kabla ya kiangazi. Mimi kiangazi sina shida nacho tena.

Wewe njoo. Usije kunizika, hilo wataliweza bila wewe. Njoo mwezi wowote wenye jua, mchana, ukae nguzo ya tatu kushoto, utazame juu. Usimpigie magoti. Amepiga magoti ukingoni mwa mto tangu akiwa msichana, juu ya ubao uliolowa, baridi na joto, na alikuwa akituambia hakuna kitu alichokichukia kama hicho. Kaa tu, Firmin. Kiti ni chetu.

Dada yako,
Odile